Mshale, kijiti na debe: historia ya kupima petroli katika nchi ya mafuta

Katika makala yetu ya historia juma hili tunazungumzia kifaa kidogo ambacho kila mwenye gari hukitazama lakini wachache hukifikiria: mshale unaoonyesha kiasi cha petroli kilichomo ndani ya tangi. Katika gari jipya mshale huo husadikiwa bila maswali. Katika gari kuukuu mambo ni mengine. Hupanda na kushuka gari likikata kona, huganda kwenye nusu juma zima, au hulala chini kabisa ilhali tangi limetoka kujazwa sasa hivi.

Mjini Muscat, au Maskati kama wazee wetu wa Unguja na Mombasa walivyozoea kuuita, kasoro hiyo ina uzito wake. Anayetoka mji mkuu huo wa Oman kwenda Salalah kwa njia ya bara ana safari ya kiasi cha kilomita 1,000, na sehemu kubwa yake ni uwanda mkavu usio na mti wala kijiji. Wakati wa kiangazi joto huweza kupita nyuzi 45. Mtu akiishiwa petroli katikati ya uwanda huo, kinachofuata kuisha ni maji ya kunywa.

Historia ya mshale huo nchini Oman ni fupi, haizidi sana umri wa mzee mmoja. Hata hivyo ndani yake imo habari ya nchi iliyokalia bahari ya mafuta huku watu wake wakipima petroli kwa kijiti, na habari ya ndugu waliotawanyika baina ya Afrika Mashariki na Ghuba. Imo pia hekima waliyokuwa nayo madereva wa zamani, nayo ni kwamba mshale ni shahidi tu, na shahidi mmoja hatoshi.

Kabla ya mshale

Magari ya mwanzo hayakuwa na geji ya mafuta. Gari la Ford Model T, lililotoka mwaka 1908 na kuundwa zaidi ya milioni 15 kabla ya kukoma mwaka 1927, liliwekewa tangi chini ya kiti cha mbele. Aliyetaka kujua petroli iliyobaki alishuka, akainua kiti, akafungua kifuniko na kutumbukiza ufito wa mbao uliotiwa alama. Pale unyevu ulipoishia ndipo petroli ilipoishia. Gari hilo halikuwa na pampu ya kusukuma mafuta. Petroli ilitiririka kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye injini. Basi tangi likikaribia kwisha na mlima ukiwa mkali, injini ilikosa mafuta na kuzima. Dawa ilikuwa kugeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume, ili tangi likae juu ya injini.

Kwa watu wa pwani ufito ule haukuwa jambo geni. Nahodha wa jahazi anayekaribia bandari asiyoijua hutia bildi, yaani hushusha majini kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, apate kujua kina kabla chombo hakijapanda mwamba. Ufito wa dereva na bildi ya nahodha vinafanya kazi moja: kugusa kile ambacho jicho halikioni.

Geji za mshale zilienea baina ya miaka ya 1920 na 1930, lakini kijiti hakikustaafu mara moja. Volkswagen ile ya umbo la kobe, iliyopata kuwa gari la kawaida katika miji ya Afrika Mashariki, haikuwa na geji ya mafuta hadi magari ya mwaka 1962. Kabla ya hapo dereva alisubiri injini ianze kukohoa, kisha akageuza kibomba kidogo kwa ncha ya mguu na kufungulia akiba ya lita chache. Aliyesahau kukirudisha kibomba hicho baada ya kujaza tangi aliujua usahaulifu wake siku nyingine, mbali na nyumbani, akiba ikiwa imekwisha kutumika bila yeye kujua.

Debe, sheli na shisha

Lugha yetu imehifadhi historia hii vizuri kuliko makumbusho mengi. Tuchukue neno debe. Kabla ya vituo vya petroli kuenea, mafuta ya taa na petroli yalifika katika bandari za Bahari ya Hindi ndani ya mabati ya galoni nne, karibu lita 18, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yalipokwisha, bati lilianza maisha mapya. Lilichota maji, lilikunjuliwa likaezeka paa, na likawa kipimo cha mahindi na mchele sokoni. Waswahili wakalitungia na methali: debe tupu haliachi kuvuma. Dereva aliyeinama na kugonga ubavu wa tangi la gari lake kwa kifundo cha kidole, akisikiliza pale sauti nzito inapogeuka kuwa nyepesi, alikuwa akiitumia methali hiyo bila kuitamka.

Debe hilo lilikuwa na aibu yake. Bati lake lilikuwa jembamba na viungo vyake vilifumuka kwa urahisi. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyopigana katika jangwa la Afrika Kaskazini yalipoteza petroli nyingi mno kwa kuvuja kwa mabati ya namna hiyo. Wajerumani walikuwa na dumu la chuma la lita 20, imara na lisilovuja. Waingereza walipoyateka madumu hayo waliyapenda, wakayaiga, na wakayapa jina la utani lililotokana na jinsi walivyowaita Wajerumani. Jina hilo ndilo lililoingia katika Kiswahili kwa sura ya jerikeni.

Nchini Tanzania, bara na visiwani, wengi hadi leo huita kituo chochote cha petroli sheli, kwa kufuata jina la kampuni ya Shell, hata kama kituo chenyewe ni cha kampuni nyingine kabisa. Nchini Oman watu huita kituo hicho shisha. Neno hilo kwa Kiarabu ni chupa au kioo, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba linakumbusha pampu za zamani, zilizokuwa na mtungi mrefu wa kioo juu yake. Petroli ilipandishwa kwa mkono hadi ndani ya kioo, mnunuzi akaiona kwa macho yake ikifika kwenye alama, ndipo ikaachiwa kuteremka katika tangi lake. Kiswahili nacho kinalijua neno hilo: katika kamusi zetu shisha ni chombo cha kioo cha kupimia muda kwa mchanga. Jina hilo linatukumbusha zama ambazo mnunuzi hakutakiwa kuamini namba wala mshale, aliona mwenyewe.

Muscat ya malango

Oman ya katikati ya karne ya 20 haikuwa na haja kubwa ya pampu za petroli. Sultan Said bin Taimur, aliyetawala tangu mwaka 1932 hadi 1970, aliibana nchi kwa masharti mengi. Malango ya mji wa Muscat yalifungwa saa tatu baada ya jua kutua, na aliyetembea usiku alitakiwa kubeba taa. Kuingiza gari nchini kulihitaji ruhusa ya Sultan. Hadi mwaka 1970 barabara za lami katika nchi nzima zilikuwa za kiasi cha kilomita 10 tu.

Hata hivyo ni Sultan huyo huyo aliyefanya mojawapo ya safari mashuhuri za gari katika historia ya Bara Arabu. Mwezi Desemba mwaka 1955, baada ya majeshi yake kuingia Nizwa, makao ya Imamu, Sultan aliondoka Salalah kwa msafara wa magari, akavuka jangwa kuelekea kaskazini hadi Nizwa. Safari ya gari kwa njia hiyo ilikuwa haijapata kufanyika. Katika msafara huo alikuwamo mwandishi Mwingereza James Morris wa gazeti la The Times, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jan Morris, na aliyechapisha kitabu kuhusu safari hiyo mwaka 1957.

Tuitazame safari hiyo kwa jicho la dereva. Baina ya Salalah na Nizwa hapakuwa na kituo cha petroli hata kimoja. Kila lita ilibidi ibebwe na msafara au itangulizwe njiani. Na hesabu ya petroli jangwani si hesabu ya mjini: katika mchanga laini, gia ikiwa ndogo na magurudumu yakizama, gari huweza kutumia karibu maradufu ya kile linachotumia kwenye ardhi ngumu. Mshale unaonyesha kilichobaki. Hauonyeshi kilicho mbele. Kiasi kile kile cha petroli ni kingi kwenye changarawe na ni kidogo kwenye mchanga, na wa kuijua tofauti hiyo ni mtu, si kifaa.

Gari lililokuja kuhusishwa zaidi na nchi za namna hii ni Land Rover, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948. Tangi lake la galoni 10, kiasi cha lita 45, liliwekwa chini ya kiti, na katika magari ya mwanzo mtu aliinua kiti ndipo akajaza petroli. Geji ilikuwapo, lakini tangi lilikuwa karibu mno hivi kwamba dereva angeweza kutia kijiti bila kutoka chini ya kivuli cha gari. Magari mengi ya jeshi yaliongezewa tangi la pili, pamoja na kibomba cha kuhama kutoka tangi moja hadi jingine. Likiisha la kwanza, dereva alipata onyo na akiba kwa pamoja.

Mafuta ardhini, petroli kutoka ng'ambo

Wakati huo huo kulikuwa na watu wengine jangwani waliojaribu kupima kitu wasichokiona. Mwaka 1954 wachunguzi wa mafuta waliteremka katika ufukwe wa Duqm na kuelekea bara, hadi mahali paitwapo Fahud. Januari mwaka 1956 kisima cha kwanza kilianza kuchimbwa hapo. Kufikia mwaka uliofuata kiliachwa, kikiwa kimeonekana ni kikavu. Baadhi ya kampuni zilizoshirikiana zikakata tamaa na kujitoa. Zilizobaki zilipata mafuta Yibal mwaka 1962 na Natih mwaka 1963, na mwaka 1964 yakapatikana Fahud penyewe, mita mia kadhaa tu kutoka kile kisima cha kwanza. Kipimo kilikuwa kimesema hamna, na tangi lilikuwapo hapo hapo.

Bomba la zaidi ya kilomita 270 likajengwa kuvuka milima hadi pwani karibu na Muscat, mahali panapoitwa sasa Mina al Fahal. Tarehe 27 Julai mwaka 1967 meli iitwayo Mosprince iliondoka na shehena ya kwanza, zaidi ya mapipa 540,000 ya mafuta ghafi.

Lakini mafuta ghafi hayaendeshi gari. Oman haikuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta hadi mwaka 1982, kilipofunguliwa kile cha Mina al Fahal. Kwa muda wa miaka 15, basi, nchi iliuza mafuta kwa meli na kununua petroli iliyoletwa kwa meli. Dereva wa Muscat aliyeona mshale wake ukishuka angeweza kusimama ufukweni na kuzitazama meli zikipakia mali iliyotoka katika ardhi ya nchi yake, huku petroli ya gari lake ikitoka ng'ambo.

Waliorudi

Tarehe 23 Julai mwaka 1970 Sultan Said aliondolewa na mwanawe, Qaboos bin Said, naye akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Wengi walioitika walitoka Afrika Mashariki. Baadhi yao walikuwa wameikimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari mwaka 1964. Wengine walitoka Mombasa, Tanganyika, Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo. Walirudi na elimu, na Kiingereza, na Kiswahili, na upesi walionekana katika ofisi za serikali, shuleni, hospitalini, jeshini na katika kampuni ya mafuta. Katika mitaa mingi ya Muscat Kiswahili kilisikika, na kinasikika hata leo.

Walirudi pia na uzoefu wa nchi ambako gari hutunzwa hadi mwisho wa uhai wake. Kisha kukatokea jambo lililozitenga nchi zao mbili. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilianza kupanda, na katika miezi michache ikawa karibu mara nne ya ilivyokuwa. Ikapanda tena mwaka 1979. Kwa Oman bei hiyo ililipia barabara, shule na hospitali, na lami ikatoka kilomita 10 ikafikia maelfu. Kwa Tanzania bei hiyo hiyo ilikuwa msiba. Fedha za kigeni zilipungua, foleni za petroli zikarefuka, na serikali ikapiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia mchana.

Fikiria, msikilizaji, ndugu wawili waliozaliwa katika nyumba moja Unguja, mmoja akiishi Muscat na mwingine akibaki. Mmoja alijifunza kutoutazama mshale, kwa kuwa petroli ilikuwa rahisi na kituo hakikuwa mbali. Mwingine alijifunza kuupima kila upenyo wa tangi lake, kwa kuwa hakujua lita nyingine ingepatikana lini. Tukio moja la dunia lililijaza tangi la mmoja na kulikausha la mwingine.

Jinsi mshale unavyodanganya

Ni nini basi kinachoharibika katika gari kuukuu? Ndani ya tangi kuna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa waya. Petroli ikipanda, boya hupanda, ikishuka, hushuka. Mkono huo husugua juu ya waya mwembamba uliozungushwa, na hivyo huongeza au kupunguza umeme unaopita kuelekea kwenye dashibodi. Katika geji nyingi za zamani umeme huo hupasha moto kibati kilichoundwa kwa metali mbili, kibati hupinda, na kupinda kwake husukuma mshale. Ndiyo maana katika magari hayo mshale hupanda polepole unapowasha gari: unasubiri kupata joto.

Kila kiungo katika mnyororo huo kinaweza kusema uongo. Boya la shaba nyembamba likitoboka hujaa petroli na kuzama, na mshale huonyesha tupu ilhali tangi limejaa. Waya uliosuguliwa miaka 20 huchakaa mahali ambapo mkono hupita sana, na mshale hurukaruka hapo. Kutu mahali waya unaposhikana na bodi ya gari huzuia umeme. Katika geji nyingi za Kiingereza za zama hizo, waya ukikatika mshale hulala kwenye tupu, na waya ukichubuka na kugusa bodi mshale hupanda hadi kwenye kujaa na kukaa huko. Kosa la kwanza humpotezea dereva muda kituoni. La pili humwacha jangwani akiwa na matumaini.

Petroli yenyewe huweza kuwa chanzo. Mwezi Mei mwaka 2004 nchini Marekani, petroli iliyokuwa na salfa kupita kiasi iliuzwa katika majimbo kama Florida na Louisiana, nayo ikaharibu sehemu za fedha katika vipima mafuta vya magari. Mauzo yakasimamishwa katika mamia ya vituo.

Hali ya hewa ya Muscat huongeza yake. Unyevu wa pwani huingia ndani ya tangi lisilojazwa, ukaganda kuwa matone usiku, na matone huleta kutu kutoka ndani. Kutu hiyo huziba chujio, na gari huzima likiwa na petroli tele, hata dereva akaulaumu mshale uliokuwa ukisema kweli. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko kikizibwa na vumbi, petroli hushindwa kutoka, kama vile maji yasivyotoka katika kopo lililotobolewa tundu moja. Na joto likizidi, petroli huchemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, mvuke ukaziba njia. Madereva wa zamani walifunika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, wakakaa kivulini, wakasubiri. Kwa hiyo fundi mzuri akiletewa gari lenye geji mbovu haanzi na geji. Huanza kwa kujua kilichomo ndani ya tangi.

Kijiti nacho hukosea

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya magari chakavu tu. Tarehe 23 Julai mwaka 1983 ndege mpya ya Boeing 767 ya Air Canada ilipaa ikielekea Edmonton huku vipima mafuta vyake vikiwa havifanyi kazi. Wahudumu walipima matangi kwa vijiti, kama inavyoruhusiwa. Vijiti vilisema kweli. Hesabu ndiyo iliyokosea. Kanada ilikuwa ikihamia vipimo vya metriki, na ndege iliyohitaji kilo 22,300 za mafuta iliondoka na pauni 22,300, chini ya nusu. Injini zote mbili zilizima angani. Rubani aliishusha ndege kama tiara hadi kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, na watu wote 69 wakapona.

Abiria wa shirika la Tuninter la Tunisia hawakupata bahati hiyo. Tarehe 6 Agosti mwaka 2005 ndege yao aina ya ATR 72, iliyotoka Bari nchini Italia kwenda Djerba, iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Sicily. Kipima mafuta kilikuwa kimebadilishwa siku moja kabla, kikawekwa cha ATR 42, ndege ndogo yenye matangi tofauti. Mshale ulionyesha mafuta ambayo hayakuwapo. Kati ya watu 39 waliokuwamo, 16 walifariki dunia.

Hata katika barabara ya Muscat kwenda Dubai suala la vipimo lilikuwapo. Oman iliuza petroli kwa lita, na Umoja wa Falme za Kiarabu uliiuza kwa galoni ya Kiingereza hadi mwisho wa mwaka 2009. Dereva aliyevuka mpaka alibadili hesabu akilini.

Tangi tupu ndilo la kuogopwa

Kabla hatujafikia mwisho, kuna jambo moja la uhai. Tangi lililooza kwa kutu hutoboka, na tangi lililotoboka hupelekwa kwa mchomeleaji. Wengi hudhani kwamba tangi likishamwagwa petroli halina hatari. Ukweli ni kinyume. Petroli ya maji maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, pale mvuke huo unapokuwa baina ya asilimia 1 na 8 hivi. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa. Tangi lililomwagwa jana lina mvuke na hewa kwa kiasi kinacholigeuza kuwa bomu, na cheche moja yatosha. Mafundi wameuawa namna hiyo. Tangi la chuma huoshwa kwanza, hupigwa mvuke wa maji ya moto kwa muda mrefu, na wengine hulijaza maji hadi karibu na tundu ndipo waguse moto. Asiye na vifaa hivyo na anunue jingine.

Vivyo hivyo kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira, tabia iliyozoeleka kuanzia Mutrah hadi Mwanza, si ushujaa. Kiasi kidogo tu kikiteleza hadi mapafuni huweza kuleta maradhi mazito na hata kuua.

Mashahidi wawili

Januari mwaka 2016, baada ya bei ya mafuta ghafi kuporomoka duniani, Oman iliondoa bei ya petroli iliyopangwa na serikali kwa miaka mingi. Lita ya daraja la juu, iliyokuwa baisa 120, ikapanda hadi 160. Kizazi kilichozoea kutoutazama mshale kikaanza kuutazama, kama ndugu zao wa Afrika Mashariki walivyokuwa wakifanya siku zote.

Magari ya leo humwambia dereva kilomita alizobakiwa nazo kwa tarakimu zenye kung'aa. Lakini nyuma ya tarakimu hizo, katika magari mengi, lingali lipo boya lile lile linaloelea gizani, na likichakaa tarakimu nazo hudanganya, tena kwa namna inayosadikisha zaidi kuliko mshale unaotetemeka. Kwa sababu hiyo anayeshika njia ya Salalah, au ya Garissa, au ya Dodoma, akiwa na gari la umri mkubwa, afanye kama walivyofanya waliotangulia. Aandike kilomita kila anapojaza tangi, ajue gari lake linakula kiasi gani, ajaze likiwa nusu wala asingoje robo, abebe maji, na pale mshale na hesabu vinapopingana, aamini kile kinachosema petroli ni kidogo.

Nahodha hakuacha bildi kwa kuwa ana ramani nzuri. Mshale ni shahidi, na kumbukumbu ya safari ni shahidi wa pili. Wakikubaliana, safari na iendelee.

Hadi juma lijalo, msikilizaji, nakutakia safari njema.